Basenji: Mbwa aliyeitwa mshenzi na bakuli la nyama

Chumba ni kitupu. Katikati ya sakafu pamewekwa bakuli la nyama. Mtoto wa mbwa wa wiki 8 anaingizwa, ananusa mara moja, mbio hadi bakulini. Hajameza hata tonge la kwanza anachapwa kofi la matako na kukemewa kwa sauti kali: hapana! Akirudi, kofi tena. Dakika 3 zikipita, mtu yule anatoka, anafunga mlango na kusimama nyuma ya kioo kinachoonesha upande mmoja tu. Anaangalia saa. Anachotaka kujua ni kimoja: mtoto huyu atavumilia muda gani kabla ya kuirudia nyama?

Watoto wa mbwa aina ya Shetland Sheepdog, wale wachunga kondoo wadogo wa Uskoti, hawakuirudia. Jaribio lilirudiwa kwa siku 8, na siku zote hizo nyama ilibaki inanukia na wao wamekaa mbali nayo, kana kwamba aliyewakataza bado amesimama vichwani mwao. Watoto wa basenji hawakuwa na subira hiyo. Mlango ukifungwa tu, mdomo uko bakulini.

Aliyekuwa nyuma ya kioo ni Daniel Freedman, mwanasaikolojia wa Kimarekani, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1958 katika jarida la Science. Ukiishia hapo, utasema jawabu limepatikana: mtoto wa nyoka ni nyoka. Ila kulikuwa na watoto wa mbwa wengine katika jaribio lile, na hao ndio walioharibu hesabu. Tutawarudia. Kwanza tumjue huyu mla nyama asiyeogopa mlango uliofungwa, kwani jina lake ni letu.

Jina lililovuka maji

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kulitambua neno basenji. Badala ya wa- weka ba-, kama wanavyosema wenzetu wa Lingala, na washenzi wanakuwa basenji. Pwani, mshenzi alikuwa mtu wa bara, yule ambaye mwungwana wa mjini alimwona hajastaarabika. Leo ni tusi tu. Na mbwa shenzi, mitaani kwetu, ni mbwa asiye na ukoo, asiye na thamani, ndugu yake mbwa koko.

Mbwa mwenyewe ni wa misitu ya Kongo. Ni mdogo, kimo chake hakizidi sana goti la mtu mzima, masikio yamesimama, paji la uso limekunjamana kama la mzee mwenye mawazo, na mkia umejiviringa juu ya mgongo. Huko Ituri, ambako Kiswahili cha Kongo kinasikika kila soko, na katika misitu ya jirani, mbwa wa namna hii hutumika kuwinda. Watu hutega nyavu, mbwa huingia kichakani kuwasukuma wanyama kuelekea kwenye nyavu hizo. Kwa kuwa hawabweki wakiwa kazini, huvishwa kengele ya mti shingoni ili mwindaji ajue walipo.

Mwaka 1895 baadhi ya mbwa hawa walifikishwa Uingereza wakaoneshwa kama kioja, kisha wakafa kwa ugonjwa wa distempa. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1930, Mwingereza mmoja, Olivia Burn, alipofanikiwa kuwaleta na kuwazalisha. Jina lililoshika ni hilo la basenji. Ndipo likatokea jambo la kuchekesha kidogo: huku kwetu mbwa shenzi ni mbwa asiye na cheti, na kule Ulaya na Marekani basenji akawa mbwa mwenye cheti cha ukoo, baba na mama wameandikwa daftarini, na bei yake si ya mchezo.

Kisiwa cha watafiti

Bar Harbor, alikofanyia Freedman jaribio lake, ni mji mdogo wa kisiwani katika jimbo la Maine, pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani. Hapo ndipo ilipo Maabara ya Jackson, iliyoanzishwa mwaka 1929 na inayojulikana zaidi kwa panya wake. Mwaka 1945 alifika mtafiti John Paul Scott. Akiwa na mwenzake John L. Fuller, na kwa fedha za Wakfu wa Rockefeller, alianza kazi iliyochukua miaka 13. Walitaka kujua urithi unagusa tabia kwa kiasi gani, na kwa siri isiyo siri walikuwa wanamfikiria binadamu. Binadamu huwezi kumpangia mke wala mume, wala huwezi kumlelea watoto katika vyumba vinavyofanana. Mbwa unaweza.

Walichagua mbegu 5: basenji, Beagle, Cocker Spaniel, Shetland Sheepdog na Fox Terrier mwenye manyoya magumu. Watoto wote walilelewa kwa utaratibu mmoja: chakula kilekile, vyumba vilevile, mikono ileile, majaribio yaleyale kwa umri uleule. Ikiwa malezi ni mamoja na bado tabia zinatofautiana, basi sababu itafutwe kwenye damu.

Kisha wakachukua mbwa wawili wasiofanana hata kidogo na kuwaozesha. Upande mmoja basenji. Upande wa pili Cocker Spaniel, ambaye hapa tumwite koka kwa ufupi: mbwa wa wawindaji ndege wa Uingereza, masikio marefu yanayoning'inia, mpole, mwepesi kutulia, na mpiga kelele asiye na mfano. Waliozesha dume la koka kwa jike la basenji, kisha wakageuza, dume la basenji kwa jike la koka, ili kujua kama mama ana ushawishi wa peke yake. Machotara waliozaliwa wakaozeshwa wao kwa wao, na madume wengine wakarudishwa kwa mama zao. Anayemkumbuka mtawa Gregor Mendel na mbaazi zake atauona ni mpango uleule, isipokuwa safari hii mbaazi zilikuwa na meno.

Kila tabia na njia yake

Chukua kubweka. Watoto wawili waliwekwa pamoja na mfupa mmoja kwa dakika 10, na watafiti wakahesabu. Koka walibweka mara nyingi sana. Mmoja alihesabiwa milio 907 katika dakika hizo 10, yaani zaidi ya mlio mmoja kila sekunde. Basenji wengi walikaa kimya, na aliyebweka kwa kawaida alitoa mlio mmoja au miwili, basi. Hapa hadithi inayopendwa kusimuliwa, kwamba basenji hawezi kubweka, ilianguka. Anaweza. Koo lake pia hutoa sauti ya kupanda na kushuka, kama mtu anayeimba bila maneno. Kinachomtofautisha ni kwamba linahitajika jambo kubwa ndipo abweke, na akishabweka hana haja ya kurudia.

Machotara wao walibweka kwa wepesi, wakafuata upande wa koka. Kwa lugha ya sayansi, jeni za koka katika jambo hilo zilikuwa zinatawala, na zile za ukimya zilijificha zikisubiri kizazi kinachofuata.

Sasa chukua woga wa mkono wa mtu. Mtoto wa basenji wa wiki 5, ukimshika kwa mara ya kwanza, anakwepa, analia, anajipinda. Mtoto wa koka wa umri huo anatulia mkononi. Machotara walimfuata nani? Walimfuata basenji. Woga wa porini ndio uliotawala hapa.

Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja unampata chotara mwenye woga wa basenji na mdomo wa koka. Ndani ya kiumbe kimoja, tabia moja imetoka kwa baba na nyingine kwa mama, kila moja kwa njia yake. Mbwa alipofungwa kamba ya shingoni kwa mara ya kwanza, basenji alipigana nayo kama samaki kwenye ndoana, koka akakubali mapema, na machotara safari hii wakaangukia katikati, si huku wala kule.

Hata joto la majike lilifuata mkondo wake. Jike la mbegu nyingi hupata joto takriban mara mbili kwa mwaka, mwezi wowote. Basenji hupata mara moja tu, na akiwa nchi za kaskazini ni karibu na ule wakati wa Septemba ambapo usiku na mchana vinalingana na siku zinaanza kufupika. Fuller alionesha kwamba mwanga ndio unaomwamsha. Majike ya machotara walirudi kwenye desturi ya koka, lakini katika vizazi vilivyofuata desturi ya basenji ilichomoza tena kwa baadhi yao, kama pua ya babu inavyoruka watoto na kutua usoni mwa mjukuu.

Scott na Fuller walikusanya yote hayo katika kitabu chao cha mwaka 1965 kuhusu jenetiki na maisha ya kijamii ya mbwa. Ndani yake kuna mambo mawili ambayo wauzaji wa mbwa wangependa yasiwekwe pamoja. La kwanza: urithi una nguvu kubwa katika tabia. La pili: hakuna mbegu iliyoshinda nyingine zote. Aliyeongoza katika jaribio hili alishika mkia katika lile, na ndani ya mbegu moja, ndugu kwa ndugu, tofauti zilikuwa pana kuliko wengi walivyotazamia.

Yaani kilichorithiwa hakikuwa "ubasenji" uliofungwa kwenye furushi moja. Vilikuwa vipande vipande: kiwango cha kelele, kiwango cha woga, kalenda ya joto, subira ya kamba. Vipande hivyo vinaweza kuachana katika tumbo moja la mama.

Waliolelewa kwa bembelezo

Turudi kwenye bakuli la nyama, kwa sababu sikusimulia yaliyotangulia kabla ya mlango kufungwa.

Freedman alikuwa amewagawa watoto wa kila tumbo mafungu mawili. Tangu wiki ya 3 hadi ya 8, fungu la kwanza lilidekezwa: kila siku walichezewa, wakaruhusiwa kupanda, kung'ata, kufanya wapendavyo, na hakuna aliyewakemea. Fungu la pili lilitiwa adabu: walizuiwa, wakafundishwa kukaa, kubaki, kuja wakiitwa. Baada ya hapo ndipo wakaletwa mmoja mmoja kwenye kile chumba.

Kwa basenji, malezi hayakubadilisha kitu: aliyedekezwa na aliyetiwa adabu wote walikula mara mtu alipotoka. Kwa Shetland vilevile, wote walikataa. Lakini kwa Beagle na Fox Terrier malezi ndiyo yaliyoamua, na yaliamua kinyume cha matarajio ya wazee wengi. Waliodekezwa ndio waliotii. Aliyebembelezwa maisha yake yote, kofi moja lilimtikisa, akaiogopa nyama kwa muda mrefu. Aliyezoea kuzuiwa aliirudia mapema.

Wahenga wetu walituachia methali mbili zinazogombana: mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kila mmoja huchagua ile inayomfaa siku hiyo. Chumba cha Freedman kinasema kwamba ugomvi huo hauna hukumu moja. Kofi lilelile, nyama ileile, mlango uleule, na malezi yaligeuza mioyo ya mbegu mbili huku mbili nyingine zikibaki jinsi zilivyokuja. Kiasi ambacho malezi yanaweza kubadili, hicho nacho kinarithiwa.

Hesabu ya 9 kwa 100

Scott na Fuller walikuwa na macho, daftari na saa. Vinasaba vyenyewe hawakuweza kuvisoma. Leo vinasomwa, na picha imekuwa na mkanganyo zaidi. Walikadiria jeni moja au mbili kwa tabia moja, na hayo yalikuwa makadirio ya zama zao. Sasa tunajua kwamba tabia nyingi hushikiliwa na jeni nyingi sana, kila moja ikisukuma kidogo.

Mwezi Aprili 2022, jarida lilelile la Science lilitoa utafiti ulioongozwa na Kathleen Morrill na Elinor Karlsson nchini Marekani. Wamiliki walijibu maswali kuhusu mbwa 18,385, na vinasaba vya mbwa 2,155 vikasomwa. Karibu nusu ya mbwa hao walikuwa mchanganyiko. Matokeo yaliwashangaza wengi: ukitaka kubashiri tabia ya mbwa mmoja kwa kutazama mbegu yake, mbegu inaeleza kwa wastani asilimia 9 tu ya tofauti zilizopo kati ya mbwa na mbwa. Utii kwa maelekezo ya mtu ulifungamana na mbegu zaidi kidogo. Wepesi wa kuchokozeka, yaani kile watu wanachokiita ukali, haukufungamana nayo karibu kabisa.

Wengine walisoma hapo wakahitimisha kuwa damu si kitu. Sivyo. Utafiti huohuo ulionesha kwamba tabia kadhaa zinarithiwa kwa kiasi kinachoonekana, ikiwemo kupenda watu na kuleta kitu kilichorushwa. Kinachorithiwa kinatoka kwa baba huyu na mama huyu. Hakitoki kwenye jina lililoandikwa juu ya cheti. Mbegu nyingi tunazozijua leo hazijafikisha hata miaka 200. Chama cha Uingereza cha kuziorodhesha kilianzishwa mwaka 1873, na tangu hapo mbwa wamechaguliwa zaidi kwa rangi, masikio na mkia. Sura zikafanana. Mioyo ikabaki na mchanganyiko wake wa kale.

Gharama ya damu safi

Basenji walilipia usafi huo wa sura. Wale wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache mno waliotolewa Kongo, na kwa miaka walizalishwa ndugu kwa ndugu. Maradhi yaliyojificha yakaanza kukutana. Kuna upungufu wa damu wa kurithi, na kuna ugonjwa wa Fanconi, ambapo figo huacha sukari na virutubisho vipotee kwenye mkojo. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi hujitokeza mbwa akiwa na miaka 4 hadi 8, wakati tayari ameshazaa na kugawa jeni yake.

Wafugaji wa Kimarekani walifanya nini? Walifunga safari hadi Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1987 na 1988, kutafuta mbwa vijijini. Mwaka 1990 daftari la ukoo la Marekani, ambalo lilikuwa limefungwa kwa wageni, likafunguliwa kwa mbwa 14 kutoka Afrika. Baadaye, kuanzia 2007, Chuo Kikuu cha Missouri kikawawezesha wafugaji kupima vinasaba vya Fanconi kabla ya kuozesha mbwa wao. Lakini hatua ya kwanza ilikuwa ile ya kurudi msituni. Waliokuwa na vyeti walikwenda kuomba damu kwa wasio na vyeti.

Anayenunua mtoto wa mbwa leo

Haya yanamhusu nani Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura, ambako basenji haonekani mtaani? Yanamhusu kila anayesimama mbele ya boksi la watoto wa mbwa na kuambiwa: "Hii mbegu safi, bosi, hii ni kali kwa damu." Anayelipa kwa maneno hayo ananunua jina. Afadhali aombe kumwona mama. Mama anayetetemeka pembeni, au anayerukia kila mgeni, anasema mengi kuliko cheti.

Jambo la pili ni umri. Mwaka 1961 Freedman na wenzake wawili walilea watoto wa koka na Beagle ndani ya uwanja wenye ua mrefu, bila kuguswa na mtu, wakawatoa mmoja mmoja kwa wiki tofauti. Waliokutana na watu katika wiki za mwanzo walizoea. Waliobaki hadi wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini, na hofu yao haikufutika. Dirisha hilo, takriban wiki ya 3 hadi ya 12, halifunguki mara ya pili. Wapo kwetu wanaomfungia mtoto wa mbwa bandani asione mtu, wakiamini atakuwa mlinzi mkali. Wanachokilea ni woga, na mbwa mwoga humng'ata mtoto wa jirani, humkimbia mwizi.

Kuhusu yule basenji na bakuli lake, Freedman hakumwita mkaidi wala mwizi. Aliandika dakika na sekunde. Sisi ndio wepesi wa kumbandika jina. Lakini fikiria alikotoka: kijiji cha wawindaji, ambako mbwa hutumwa peke yake kichakani, na chakula chake kingi hujitafutia mwenyewe. Huko, mbwa anayemngoja mtu aliyekwisha kuondoka ili ampe ruhusa ya kula, analala na njaa.